Kibao Cheupe

Saa nne na robo, Kalenga. Ukungu umekwisha kupanda
kutoka Ruaha Mdogo, na jua limekaa sawa
juu ya safu ya kumi na moja ya mizabibu ya Bwana Luhanga.
Kabla ya jani lolote natoa mkobani kibao cheupe,
kidogo kama kipande cha sabuni ya mche,
nakiweka mbele ya jicho la mashine.
Ndivyo inavyotaka: kwanza ifundishwe weupe ni nini,
ndipo ihukumu rangi nyingine.

Oresta Kikoti ameacha kupogoa.
"Kamwene," ananisalimu. Halafu: "Unalipiga picha jani?"
Siyo picha, mama. Nahesabu linachokirudisha.

Namweleza nijuavyo:
jua linakuja na gunia zima la rangi,
jani linachagua kama mnunuzi wa soko la Kihesa.
Nyekundu linatia kapuni, samawati linatia kapuni,
linakwenda kupikia.
Kijani linakibonyezabonyeza, linakiacha mezani.
Hicho ndicho kinachotufikia machoni,
nasi tukasema: jani ni kijani.
Tumelipa jina la kile lilichokikataa.

Anacheka hadi mkasi unamtoka mkononi.
"Kama mimi," anasema. "Wananiita Mama Hapana
tangu nilipomkataa yule mwenye lori."

Na ng'ambo ya nyekundu upo mwanga mwingine
ambao jicho la mtu halina mlango wake.
Jani lenye afya huurusha karibu nusu,
kama bati jipya.
Likianza kukosa naitrojeni,
ukingo wa mchoro kwenye kioo unasogea kushoto,
unywele tu,
siku nyingi kabla mtu hajaona umanjano.

Safu ya kumi na moja: njaa.
Ya kumi na mbili: njaa.
Nilipofika ya ishirini nilikuwa nimeshaandika daftarini
mifuko minne ya mbolea
na sentensi moja kali juu ya uzembe wa watunzaji.

Oresta amechuma jani, amelikunja karibu na sikio,
amesikiliza linavyovunjika.
"Hili nalo lina njaa?"
Mashine inasema hivyo.
Habishi. Anauliza tu, kama anayeuliza bei:
"Na hicho kibao, ni cheupe kweli?"

Nakitazama.
Vumbi jekundu, tabaka jembamba
kama poda shingoni mwa bibi harusi,
na katikati, alama ya kidole gumba changu.

Tangu asubuhi naifundisha mashine udongo
nikiuita weupe,
nayo, mwanafunzi mtiifu, imeamini.
Imeona kila jani linang'aa kupita kiasi,
limepauka, linaumwa.
Shamba zima limeugua kwenye daftari langu
kwa sababu ya kidole.

Bombani, maji ya Mei yanauma mifupa.
Nasugua kibao kwa msasa laini, kwa mviringo, polepole,
maji yanashuka yakiwa na rangi ya chai,
kisha ya chai hafifu,
kisha ya maji.

Tunarudia. Kumi na moja: nzima.
Kumi na mbili: nzima.
Kumi na saba, ile ya karibu na lango,
kwa macho imestawi kuliko zote,
lakini ukingo umesogea kushoto. Napima mara tatu.
Unakaa palepale.

Oresta ananyamaza, akiyageuza majani tumbo juu.
"Sikuliona hili," anasema.
Kisha: "Chini hapa kuna msingi wa nyumba ya zamani.
Mawe matupu. Mizizi itakwenda wapi?"
Hilo mashine haikulijua. Wala mimi.

Naikata ile sentensi kali kwa mistari miwili.
Bado inasomeka.

Wingu linaingia kutoka upande wa Tosamaganga,
mwanga umebadilika, inabidi kuanza upya.
Oresta anajifuta mikono kwa khanga,
anakishika kibao kwa kingo,
kama aliyepakatishwa mtoto wa mwenzake,
anasubiri jua.